Kijivu Chepesi au Kijivu cha Bluu Iliyokoza? Wasomaji wa Tabora na Kigoma Wauliza

SWALI

Ndugu mshauri, pokea salamu zetu kutoka Ipuli, Tabora. Mimi na mume wangu tumemaliza kupiga lipu na skimu (lile tabaka laini jeupe la juu ya lipu) sebule yetu, na sasa tumekwama kwenye rangi. Mimi nataka kijivu chepesi. Mwenzangu aliona kijivu cha bluu iliyokoza nyumbani kwa rafiki yake na tangu siku hiyo hataki kusikia nyingine. Sebule ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Madirisha mawili yanatazama mashariki, ila mbele yake kuna baraza pana na mwembe mkubwa. Makochi, meza na mlango ni vya mninga. Uani udongo ni mwekundu, na watoto wetu watatu wanaingia na kutoka mchana kutwa, ndiyo maana mwenzangu anasema rangi nyepesi itachafuka upesi. Naomba utuamulie, maana fundi yuko tayari kuanza na sisi bado hatujakubaliana.

Mama wa watoto watatu, Ipuli, Tabora

JIBU

Dada yangu, kwa sebule uliyoieleza, pakeni kijivu chepesi. Sisemi hivyo kwa kuidharau rangi aliyoipenda shemeji, kwa kuwa ni rangi nzuri na hapa chini namshauri msomaji mwingine aichague. Lakini rangi ya ukutani huonekana kwa mwanga unaoifikia, na sebule yenu ina mwanga mchache kuliko mnavyodhani.

Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita hupita karibu na utosi mwaka mzima: kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba huelekea kidogo kaskazini, na miezi iliyobaki huelekea kidogo kusini. Dirisha la mashariki hupata jua la moja kwa moja asubuhi tu, likiwa bado liko chini. Baada ya hapo chumba hutegemea mwanga uliogonga vitu vya nje ndipo ukaingia. Kwenu hata hilo jua la asubuhi linakatwa na paa la baraza na matawi ya mwembe. Mwanga unaofika ukutani ni ule uliokwisha kugusa majani na udongo, nao huja na rangi zake. Wakati wa mvua, majani na nyasi huutia ukijani. Kiangazi, uani ukiwa mtupu, udongo huutia wekundu. Kijivu hupokea mambo hayo upesi kuliko rangi nyingine, kwa kuwa chenyewe hakina rangi kali ya kuyashinda.

Watengenezaji wa rangi hupima kiasi cha mwanga ambacho rangi hurudisha kwa kipimo kinachoanzia 0 kwa nyeusi kabisa hadi 100 kwa nyeupe kabisa, na baadhi yao huichapa namba hiyo kwenye kadi za rangi. Kijivu chepesi kwa kawaida huwa kati ya 50 na 65. Kijivu cha bluu iliyokoza huwa karibu na 10, au 15 kisipokoza sana. Tofauti hiyo ni kubwa zaidi ya inavyosomeka, kwa sababu mwanga wa chumbani hauishii kwenye ukuta mmoja: hugonga ukuta huu, ukarudi kwenye ule, ukapanda darini, ukashuka tena sakafuni. Ukuta unaorudisha nusu ya mwanga huuacha uzunguke mara kadhaa. Ukuta unaorudisha sehemu moja ya kumi huumeza karibu wote katika pigo la kwanza. Mkizungusha kuta zote nne kwa rangi ile, mtalazimika kuwasha taa saa tisa alasiri, na mtoto anayeandika kazi ya shule kwenye meza ya sebuleni atainamia daftari huku nje jua linawaka.

Ningependa shemeji arudi kwa rafiki yake akaangalie madirisha. Nina hakika atakuta ni makubwa, au hayana baraza, au yapo pande mbili za chumba. Rangi iliyokoza hupendeza pale ambapo mwanga ni mwingi na ukuta unapewa kazi ya kuutuliza; kwenu ukuta unatakiwa kuusambaza.

Nije sasa kwenye jambo ambalo naliona ndilo zito zaidi, nalo ni kijivu chepesi kipi. Dukani mtaonyeshwa kadi zenye vijivu vinavyofanana kama mapacha, lakini kila kimoja kimetengenezwa tofauti. Chini ya vyote kuna rangi nyeupe, ambayo weupe wake unatokana na unga wa titani dioksidi. Juu yake mashine ya kuchanganyia hudondosha nyeusi kidogo, kisha chembe ya bluu, au ya manjano, au ya wekundu. Chembe hiyo haionekani kwenye kadi ndogo, ila ikishatandazwa kwenye mita za mraba arobaini na kitu, inajitokeza yote.

Nyinyi mna mninga, na mninga una kahawia yenye wekundu unaoelekea rangi ya machungwa. Jicho likitazama rangi kama hiyo, huongeza kinyume chake kwenye kitu kilicho kando, na kinyume cha rangi ya machungwa ni bluu. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, aliletewa malalamiko kwamba baadhi ya nyuzi nyeusi zilionekana dhaifu. Alipochunguza akakuta dawa ya rangi haina kosa. Nyuzi zile zilibadilishwa na rangi zilizofumwa jirani yake, na mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Sebuleni kwenu litatokea lile lile. Kijivu kikikaa nyuma ya kochi la mninga kitaonekana kina ubluu hata kama fundi wa mashine hakutia tone la bluu. Mkinunua kijivu ambacho tayari kina bluu, ubluu utakuwa mara mbili, na chumba kitapoa kupita mlivyotaka. Kwa hiyo ombeni kijivu chepesi chenye chembe ya manjano au ya kahawia. Mwambie shemeji kwamba bluu anayoipenda ataipata kutoka kwenye makochi yake mwenyewe, bila kuilipia.

Kabla ya kwenda dukani, angalieni boksi la balbu zenu. Zilizoandikwa 6500 na herufi K hutoa mwanga mweupe wenye ubluu mwingi, na zilizoandikwa 2700 au 3000 hutoa mwanga wa manjano. Chini ya zile za kwanza kijivu huzidi kupoa. Chini ya hizi za pili kijivu chenye manjano mengi huelekea krimu. Mnatumia sebule hiyo zaidi usiku kuliko mchana, kama familia nyingi, basi amueni balbu kwanza ndipo mwamue rangi. Mimi ningeweka zile za 3000, ambazo hupatana na mninga.

Kuhusu uchafu, shemeji ana hoja, ila ameishika upande mmoja. Ni kweli kwamba kijivu chepesi kitaonyesha alama za vidole kuzunguka swichi, kwenye pembe ya mlango na kwenye kimo cha mabega ya mtoto, na vumbi jekundu litaonekana. Lakini rangi iliyokoza ina uchafu wake. Vumbi la kiangazi hutua juu yake kama utando wa kahawia hafifu. Kitambaa chenye maji ya sabuni kikipita huacha michirizi. Mgongo wa kiti ukisugua mahali pale pale kila siku, panang'aa na kubaki na mng'ao ambao haufutiki. Tena mguu wa meza ukigonga ukuta na kubandua kipande kidogo kama ukucha, skimu nyeupe iliyo chini huchungulia, na jicho la kila mgeni huenda hapo. Kinachoficha uchafu kuliko vyote ni kijivu cha katikati, kisicho chepesi wala hakijakoza, ila nacho kingewanyang'anya mwanga ambao hamna wa kupoteza.

Dawa ya vidole vya watoto iko kwenye aina ya rangi. Chukueni rangi ya maji inayooshika, yenye mng'ao mdogo, ambayo mafundi huiita silki. Futeni kwa kitambaa laini chenye sabuni kidogo, bila kusugua kwa nguvu. Wapo wanaopaka mita moja ya chini rangi ya mafuta iliyokoza, na kwenye korido au jikoni nakubaliana nao. Sebuleni sipendi, kwa kuwa mstari ule hukata ukuta na kukifanya chumba kionekane kifupi.

Jaribio lifanyike hivi. Nunueni kopo la lita 1 la kila kijivu mnachokifikiria, tafuteni kipande kikubwa cha hadibodi au boksi la friji lililokunjuliwa, na mpake mikono miwili, yaani rangi mara mbili, ya pili juu ya ile ya kwanza, mkiacha ukingo mweupe pande zote. Ukingo huo una maana yake: utazuia rangi ya skimu au ya ukuta wa jirani isidanganye macho. Subirini kikauke kabisa, kwani rangi ya maji kwa kawaida hukoza kidogo inapokauka. Kisha kisimamisheni nyuma ya kochi la mninga, baadaye kwenye ukuta ulio mkabala na dirisha, baadaye kwenye ukuta wenye dirisha lenyewe, mkitazama asubuhi, saa nane mchana, na usiku taa zikiwaka. Kaeni mnapokaa siku zote, wewe na shemeji pamoja, na kila mmoja aseme anachokiona kabla ya kusikia cha mwenzake. Fanyeni hivyo hivyo na rangi aliyoichagua yeye. Sitaki akubali kwa sababu mimi nimesema. Nataka aone saa nane mchana jinsi kipande kile kinavyogeuka cheusi kwenye ukuta wa dirisha.

Hesabu yenu ni hii. Kuta nne zina mzunguko wa mita 18, ukizidisha kwa kimo cha mita 3 unapata mita za mraba 54. Mkitoa mlango na madirisha, tuseme zinabaki 46. Lita 1 kwenye skimu laini hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili itahitaji lita 9 na kidogo: makopo matatu ya lita 4, na kinachobaki kifungwe vizuri kwa ajili ya kugusia madoa. Rangi iliyokoza mara nyingi hudai mkono wa tatu, na hapo mngehitaji karibu lita 14, yaani kopo la nne. Nunueni makopo yote siku moja, mwandike namba ya mchanganyiko iliyobandikwa kifunikoni, na fundi ayachanganye yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, ili ukuta mmoja usije ukatofautiana na mwingine.

Neno moja kuhusu fundi aliye tayari kuanza. Kama lipu ina chini ya wiki nne, mwambieni asubiri. Saruji mbichi bado ina maji na ina ukali unaoweza kuharibu rangi, na madoa yake hutokea baadaye, fundi akiwa amekwisha kulipwa. Ikiwa shemeji bado anaitamani rangi yake, ampe fundi aipake chumbani mnapolala, ambako hakuna anayesoma wala kushona.

SWALI

Mshauri, mimi ni mstaafu, nyumba yangu ipo mtelemkoni Kigoma mjini na sebule inatazama ziwa. Kuanzia saa kumi jua linaingia moja kwa moja, na mng'ao wa maji unaongezea. Kuta ni nyeupe na macho yananiuma. Nafikiria kijivu cha bluu iliyokoza, lakini majirani wananiambia kitaongeza joto, nipake kijivu chepesi. Ukuta wa nyuma umeegemea udongo wa mlima uliochimbwa, na rangi yake hubanduka kila mwaka.

Mstaafu, Kigoma

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Kwa chumba chako pendekezo lako ni sahihi, na majirani wamechanganya ukuta wa nje na wa ndani. Ukuta wa nje unaopigwa na jua ukipakwa rangi iliyokoza hunyonya joto na kulipitisha ndani, kwa hiyo upande wa magharibi, kwa nje, ubaki mweupe au krimu. Ndani hali ni tofauti: joto la jua likishapita kwenye kioo limekwisha kuingia, na rangi ya ukuta hubadilisha kidogo sana. Joto hilo huzuiwa na pazia zito, na zaidi kivuli kilicho nje ya dirisha.

Kinachokuumiza ni mwangaza. Jua la alasiri Kigoma hushuka kuelekea ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kwa kuwa mji unatazama magharibi hakuna kilima mbele yako cha kulikinga. Miali hukufikia mara mbili, kutoka angani na kutoka majini, kisha ukuta mweupe huirudisha mara ya tatu. Kijivu chepesi kingepunguza kidogo tu, kwa sababu bado kinarudisha zaidi ya nusu. Kijivu cha bluu iliyokoza kitameza sehemu kubwa, na asubuhi, ziwa likiwa limetulia, utaona rangi ya ukuta na ya maji zikikaribiana kwa namna ambayo naamini itakupendeza.

Nina masharti mawili. La kwanza, usiupake ukuta wenye madirisha. Dirisha linalowaka likizungukwa na ukuta mweusi-mweusi huumiza jicho zaidi, kwa kuwa jicho hulazimika kuruka kati ya mwanga mkali na giza. Ukuta huo uwe kijivu chepesi na dari ibaki nyeupe. Rangi iliyokoza iende kwenye ukuta wa mkabala na za pembeni. Chagua isiyong'aa, kwani jua la kuchomoza au kuchwa likipita kwa ubavu juu ya rangi yenye mng'ao huonyesha kila wimbi la lipu.

La pili ni huo ukuta wa mlimani. Maji hupenya kwenye udongo, huyeyusha chumvi iliyomo kwenye udongo, matofali na saruji, huja nayo hadi usoni mwa ukuta, kisha maji hukauka na chumvi hubaki ikiisukuma rangi hadi inafura na kubanduka. Kwenye kijivu chepesi unga ule mweupe hauonekani upesi. Kwenye rangi iliyokoza utauona tangu siku ya kwanza. Hakikisha kwanza. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ukizibe kingo zote kwa gundi ya utepe, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Matone yakiwa upande wa chumba, ni unyevu wa hewa tu, na madirisha yafunguliwe zaidi.

Kama ni maji ya ukutani, usikubali fundi akuzibie kwa rangi ya mafuta. Itashika kwa miezi michache kisha itatoka kwa magamba makubwa zaidi. Fedha ya rangi iende kwanza kwenye mfereji nyuma ya nyumba, uchimbwe chini ya usawa wa sakafu na upeleke maji pembeni, na mabati yawekewe mabomba ya kupokea mvua. Lipu iliyooza ibanduliwe, chumvi ipigwe brashi ikiwa kavu bila kuoshwa kwa maji, na ukuta uachwe kiangazi kizima. Msimu huu paka kuta nyingine. Huo uusubirishe, hata kama utakaa bila rangi mbele ya wageni.

SWALI

Nimeanza kazi ya rangi hapa Urambo. Mteja ana chumba cha bluu iliyokoza na anataka kijivu chepesi. Anasema mikono miwili inatosha. Je, ni kweli?

Fundi mchanga, Urambo

JIBU

Mwanangu, mikono miwili ya kijivu pekee itaacha ubluu ukichungulia, hasa pembeni na kandokando ya swichi ambako rola haifiki vizuri. Kwanza jua ulichonacho ukutani: chovya kitambaa katika spiriti usugue mahali pamoja. Rangi ikilainika na kuhamia kwenye kitambaa, ni ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta, na itabidi uipige msasa mpaka mng'ao uishe wote, la sivyo rangi mpya itavulika kama ngozi. Osha kwa maji ya sabuni, suuza, acha pakauke. Ziba matobo, upige praima nyeupe, yaani rangi ya msingi inayotangulia, mkono mmoja, na ukiona bluu bado inapenya ongeza wa pili. Baada ya hapo mikono miwili ya kijivu itatosha kweli. Kiangazi rangi hukauka haraka ukutani, kwa hiyo maliza ukuta mzima kutoka kona hadi kona bila kupumzika katikati. Gharama ya praima mweleze mteja kabla hujanunua kitu, umpakie kipande kimoja kwa praima na kingine bila praima, aone mwenyewe ndipo alipe.